Kuhamia Grenada au kununua nyumba huko: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nimekaa St. George's, mji mkuu wa Grenada, nchi ya visiwa huko Karibi, kwa miaka saba sasa, na simu yangu haipoi. Wanaopiga ni watu wa pwani yetu: Tanga, Unguja, Mombasa, na jamaa walioko Muscat, London na Toronto. Wote wameona picha ya ufukwe, wote wamesikia habari za pasipoti wanayopewa wawekezaji, na maswali yao ni yale yale. Basi nimeyaandika hapa niwe naelekeza watu. Mimi si dalali, sina kiwanja cha kuuza. Msimamo wangu nautanguliza ili usinitafute mbele: njoo upange nyumba kwanza, upitishe msimu mmoja wa vimbunga, ndipo uzungumzie kununua.

Kwa nini Grenada, na si Barbados au Jamaica ambazo kila mtu anazijua?

Kwa ukubwa ni kanchi kadogo. Ukijumlisha kisiwa kikuu, Carriacou na Petite Martinique unapata kilomita za mraba 344 tu. Unguja peke yake inaimeza karibu mara tano. Watu ni laki moja na ushee. Iko mwisho wa kusini wa ule mnyororo wa visiwa vidogo vya Karibi, kaskazini mwa Trinidad na Venezuela. Ni milima na misitu tangu katikati hadi karibu na bahari, siyo tambarare kama Barbados, na bei za ardhi kwa ujumla ziko chini kuliko za Barbados.

Ila kwa mtu wa kwetu sababu kubwa ni nyingine. Hiki ni kisiwa cha viungo. Kungumanga ilifika hapa mwaka 1843 na leo imechorwa kwenye bendera ya taifa, upande wa mlingoti. Ukitembea vijijini unakuta basbasi imeanikwa juani, mdalasini, karafuu, manjano, kakao. Mzee mmoja kutoka Pemba aliyekuja kutembea alivuta pumzi pale sokoni St. George's, akasema, "Haya, mmenirudisha nyumbani kwa nauli yote ile?"

Maisha yanafanana na ya kwetu kweli, au ni maneno tu?

Yanafanana kuliko nilivyotarajia, na nakushauri usiridhike haraka, maana kufanana huko ndiko kunakomlaza mtu akasahau kuuliza maswali ya sheria.

Anza na daladala. Hapa nazo ni hiace: zina namba za njia, konda, muziki wa kupasua masikio, na dereva anayeamini kona ni jambo la mjadala. Namba 1 ndiyo inayokwenda Grand Anse, kwenye ufukwe na maduka. Ukitaka kushuka unagonga bodi au paa. Tofauti ni moja: ukipanda, unasalimia gari zima. Mtu anayeingia kimya anaonekana hakulelewa. Dukani hivyo hivyo, huulizi bei kabla ya salamu. Mtu aliyefundishwa kupiga hodi hana shida hapo.

Chakula cha taifa kinaitwa oil down. Ni shelisheli lililopangwa sufuriani pamoja na ndizi mbichi, majani ya majimbi, madonge ya unga na nyama ya chumvi, likamiminiwa tui la nazi lenye manjano, likachemka mpaka tui lote limekauka na kubaki mafuta chini. Bibi yangu angekosoa chumvi tu.

Carriacou wanaunda mashua za mbao ufukweni kwa mkono, na ufundi huo uliandikwa na UNESCO mwaka 2023. Aliyekulia Nungwi au Lamu atasimama pale na kusahau saa ya boti ya kurudi. Mimi ilinitokea.

Kuhusu vimbunga: tuambie ukweli.

Swali hili ndilo la kwanza kwa umuhimu, ingawa watu huliuliza la mwisho.

Msimu rasmi ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Kwa sababu Grenada iko kusini, watu waliishi muda mrefu wakiamini vimbunga vinapita juu yao. Baada ya kimbunga Janet cha Septemba 1955 ilipita karibu nusu karne bila pigo kubwa. Kisha tarehe 7 Septemba 2004 akaja Ivan. Watu 39 walifariki, na kama nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika, kuanzia vibanda hadi makazi rasmi ya waziri mkuu. Hasara ilikadiriwa kuwa mara mbili ya pato la taifa la mwaka. Minazi huinama, mikungumanga iling'oka. Kabla ya Ivan nchi hii ilikuwa ya pili duniani kwa kuuza kungumanga nje, nyuma ya Indonesia. Mche mpya unahitaji miaka kadhaa ndipo uzae, kwa hiyo wakulima wengi walihamia kakao au waliacha shamba. Mwaka uliofuata, Julai 2005, Emily akamalizia zile paa zilizokuwa zimeezekwa upya.

Na tarehe 1 Julai 2024 Beryl alitua Carriacou akiwa daraja la nne. Karibu kila jengo la Carriacou na Petite Martinique liliguswa. Huku kisiwa kikuu, wilaya za kaskazini ziliumia sana, wakati kusini, kwenye hoteli, watu walirudiwa na umeme mapema. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anasema "Grenada iko nje ya njia ya vimbunga", ujue anasoma kalenda ya kabla ya 2004.

Kwa mnunuzi hii ina maana gani? Kagua paa kabla ya kukagua jiko. Kenchi zimefungwa ukutani kwa vyuma na nati, au zimepigiliwa misumari tu? Kuna mkanda wa zege juu ya ukuta? Paa lenye miteremko minne hustahimili upepo vizuri kuliko la miteremko miwili. Upenu mrefu wa kupendeza barazani ndio mkono wa kwanza kimbunga kushika. Madirisha yana mbao au vifuniko vya chuma vya kufungia? Mchukue fundi wako mwenyewe, asiwe wa dalali, apande juu darini na tochi.

Halafu bima. Ni ghali, na ina mtego wa aina mbili. Kwanza, kwenye hasara ya kimbunga kuna sehemu unayojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, nayo hupigwa kwa asilimia ya thamani yote uliyokatia bima, si kwa asilimia ya hasara. Pili, ukikatia nyumba bima ya nusu ya gharama ya kuijenga upya ili upunguze malipo, basi hata bati kumi zikiondoka utalipwa nusu ya bati hizo. Wengi waliijua hesabu hii wakiwa wamekaa chini ya turubai.

Mgeni anaruhusiwa kununua ardhi?

Anaruhusiwa, na umiliki ni kamili, si wa kupangishwa miaka 33 au 99. Lakini asiye raia lazima apate leseni ya mgeni kumiliki ardhi, na ada yake ni asilimia 10 ya thamani. Nyumba ya dola 300,000 za Kimarekani inakuwa 330,000 kabla hujamlipa wakili. Upande wa muuzaji, raia hulipa kodi ya uhamisho asilimia 5, na asiye raia asilimia 15. Usijifariji kwamba hiyo ya muuzaji haikuhusu: mgeni anayeuza huwa ameshaiingiza kwenye bei, na siku ukiuza wewe, mgeni ni wewe. Ndiyo maana biashara ya kununua leo na kuuza baada ya miaka miwili haina faida hapa. Nunua kama unakusudia kukaa.

Bei huandikwa kwa dola ya Karibi Mashariki au ya Kimarekani. Uliza ni ipi kabla hujashangilia. Dola moja ya Kimarekani ni 2.70 za hapa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1976.

Na ufukwe haununuliki. Fukwe zote ni za umma, hata ile iliyo mbele ya hoteli ya kifahari. Ukijenga nyumba ufukweni, watoto wa kijiji watapita wakicheza kriketi chini ya dirisha lako, na wana haki.

Hatimiliki zinaaminika?

Sheria ni ya Kiingereza, mahakama zinafanya kazi, na rufaa ya mwisho bado inakwenda London; wananchi wameulizwa kwa kura mara mbili, 2016 na 2018, kama wangependa kuihamishia mahakama ya Karibi, mara zote wakakataa. Lakini umiliki hapa unathibitishwa kwa mlolongo wa hati: nani alimuuzia nani, nani alimrithi nani, kurudi nyuma miongo kadhaa. Wakili ndiye anayechimba kwenye masjala.

Kinachowaponza wageni ni ardhi ya familia. Babu alikufa bila wosia, wajukuu wametawanyika Brooklyn, Toronto na London, na aliyebaki kijijini analima na anaamini ni chake. Mtu wa kwetu anaielewa picha hii bila kuelezwa, maana hata shamba la mikarafuu la ukoo liko hivyo. Mwaka wangu wa tatu niliambiwa kiwanja cha St. Patrick, wilaya ya kaskazini, kinauzwa, mwonekano mzuri, bei ya kirafiki. Nilikaribia kutoa amana. Wakili wangu akapata majina kumi na moja yenye haki, wawili wakiwa hawajulikani walipo. Aliyekuwa ananiuzia hakuwa tapeli. Alikuwa mjukuu wa kumi na mbili. Chukua wakili wako, si yule "tunayemtumia sote" wa muuzaji, na mpimaji ardhi aweke mawe upya mbele ya macho yako.

Nimesikia ukinunua nyumba unapewa pasipoti.

Siyo nyumba yoyote. Mpango wa uraia kwa uwekezaji ulianza 2013. Mwaka 2024 nchi nne za ukanda huu zilikubaliana kutouza uraia chini ya dola 200,000, na kuanzia Julai 1 mwaka huo Grenada iliweka hivi: mchango kwa mfuko wa taifa kuanzia dola 235,000, au kununua kwenye mradi ulioidhinishwa na serikali. Kwenye mradi, hisa inaanzia dola 270,000 na umiliki wa peke yako 350,000, na juu yake kuna ada ya serikali ya 50,000, kisha ada za uchunguzi na mawakili. Uliyonunua lazima uishikilie miaka mitano.

Soma neno "hisa" mara mbili. Kwa dola 270,000 unapata kipande cha hoteli, pengine na wiki chache za kulala humo kwa mwaka. Huwezi kuwaweka wazazi pale wala kupanda mchicha. Kwa kiasi hicho hicho nje ya mpango, tena ukishalipa ile leseni ya asilimia 10, unapata nyumba ya zege yenye bustani wilayani St. David. Kwa macho yangu, anayetaka pasipoti bora atoe mchango na amalize. Anayetaka nyumba anunue nyumba. Anayetaka vyote viwili kwa mkupuo mmoja hulipia hoteli ya mtu mwingine.

Wengine wanaifuata kwa sababu ya Marekani: Grenada ina mkataba unaowaruhusu raia wake kuomba viza ya mwekezaji ya E-2. Ni kweli, lakini tangu Desemba 2022 sheria ya Marekani inamtaka aliyepata uraia kwa uwekezaji awe ameishi Grenada kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuomba. Dalali anayekuuzia "njia ya mkato ya Marekani" bila kutaja miaka hiyo mitatu, mkate simu. Na wepesi wa pasipoti si ahadi ya milele. Julai 2023 Uingereza iliwaondolea jirani zetu wa Dominica ruhusa ya kuingia bila viza, kwa sababu hiyo hiyo ya uraia unaouzwa.

Nikichukua uraia wa Grenada, wangu wa nyumbani unabaki?

Inategemea nyumbani ni wapi. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, na Uganda nayo inaruhusu. Mtanzania mtu mzima hana ruhusa hiyo: akichukua uraia mwingine kwa hiari, wa Tanzania unaondoka, na haki ya kumiliki ardhi ya nyumbani kama raia inaondoka nao. Hadhi maalumu ya diaspora ni kitu kingine, si uraia. Katiba ya Kongo inasema uraia wa Mkongo haushikwi pamoja na mwingine. Oman pia haikubali bila idhini ya juu kabisa. Nawajua watu waliokuja kuuliza swali hili wakiwa wameshalipa. Sikuwa na la kuwaambia.

Kuishi hapa hakuhitaji uraia. Kuna vibali vya ukaazi, na kwa anayefanya kazi ya mtandaoni kwa mwajiri wa nje kuna kibali chini ya sheria ya 2021.

Naweza kununua na kupangisha wanafunzi?

Chuo cha St. George's, maarufu kwa udaktari, kilianza miaka ya 1970 na kiko True Blue. Wanafunzi wake, wengi Wamarekani, ndio wanaoshikilia soko la upangaji la True Blue, Lance aux Epines na Grand Anse. Ni biashara nzuri, lakini ni mteja mmoja. Mwaka 2020 masomo yalipohamia mtandaoni, wenye nyumba walibaki na vitanda vitupu na mikopo iliyojaa.

Maji, umeme, intaneti?

Umeme ni volti 230 na soketi ni zile zile za pini tatu za bapa, kwa hiyo pasi yako na blenda vitafanya kazi bila kibadilishi. Gari linapita kushoto. Umeme unatokana kwa sehemu kubwa na dizeli, na bili inauma. Paneli za jua zinajilipa. Kiangazi ni Januari hadi Mei, na cha 2024 kilikuwa kikali mpaka serikali ikabana matumizi ya maji. Nyumba isiyo na tangi usiinunue, au ushushe bei yake. Intaneti ya mjini ni ya kutosha kazi.

Upande wa mashariki, wa Atlantiki, kuna mwani unaoelea baharini na kuja kwa mafungu tangu 2011. Siyo mwani wa kina mama wa Paje. Huu hauvunwi, unaozea ufukweni, unanuka yai viza, na unachubua vyuma vya viyoyozi. Nenda ukanuse kabla ya kununua upande huo.

Kodi zikoje?

Hakuna kodi ya mirathi wala ya faida ya mauzo ya mali. Kodi ya mwaka ya ardhi na jengo ipo, si ya kutisha. Kinachokula pesa ni ushuru wa vitu vinavyoingia bandarini na VAT ya asilimia 15: karibu kila kitu kinakuja kwa meli, na utakiona kwenye bei ya jibini.

Hospitali na shule?

Hospitali kuu iko St. George's, kwa mambo ya kawaida inatosha. Moyo, saratani, upasuaji mgumu: watu hupelekwa Trinidad, Barbados au Miami, na ndege ya mgonjwa ni pesa nyingi. Mwenye mzazi mwenye presha aliweke hili kwenye hesabu. Shule ni za Kiingereza, mitihani ni ya CXC, baraza la mitihani la Karibi, na nidhamu ya sare inamkumbusha mtu shule za kwetu za zamani.

Nafikaje huko?

Hakuna njia fupi. Utapitia London, Toronto, New York au Miami. Mkenya, Mtanzania na Mganda hawahitaji viza ya Grenada kwa matembezi mafupi, na hapo ndipo watu wanapokamatwa, kwa sababu kikwazo kiko njiani. Marekani haina utaratibu wa kupita bila viza, hata kama hutoki uwanjani. Uingereza nayo inawataka raia wa nchi zetu viza ya kupitia, isipokuwa wenye viza za nchi fulani fulani. Tengeneza ya njiani kwanza, kisha kata tiketi.

Muislamu anaishije?

Kwa amani, ila peke yako peke yako. Waislamu ni wachache sana na nyama halali si ya kuokota dukani. Samaki ni wengi. Gouyave, kijiji alikotoka Kirani James, yule aliyechukua dhahabu ya mita 400 London 2012, wanachoma samaki barabarani kila Ijumaa usiku. Angalizo la muhimu: ile nyama ya chumvi kwenye oil down mara nyingi ni mkia wa nguruwe. Uliza. Wenyeji hawakasiriki, na wengi watakupikia chungu chako pembeni.

Nipange mtaa gani kwanza?

Grand Anse ukitaka ufukwe na maduka, na uko tayari kulipa. St. David ukitaka kijani na majirani. Gouyave ukitaka bahari ya wavuvi na hutaki kuonewa huruma kama mtalii. Carriacou bado inaezekwa, na nyumba za kupanga ni haba. Mafundi wanahitajika zaidi kuliko wageni.

Nibebe nini kutoka nyumbani?

Viungo usibebe, utachekwa. Unga wa mahindi upo, wa njano, nao wanausonga na bamia, kwa hiyo ugali hautakupiga chenga. Kanga lete nyingi. Na lete mbuzi ya kukunia nazi: hapa wanakuna kwa kipande cha bati lenye matundu, na mara ya kwanza nilipoikalia mbuzi yangu uani, jirani alimwita mumewe aje aone.